Vijitu vya Kibarazani

Ukuta wenyewe, mwanangu, ulikuwa wa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita pale Magomeni Mapipa: fito na udongo ndani, lipu ya saruji nje, chokaa juu yake, na mbele kibaraza kilichong'arishwa na makalio ya watu wazima tangu sisi hatujazaliwa. Alasiri, jua lilipohamia upande wa pili wa barabara, mpika kahawa aliingia na dele lake la shaba, mkaa ukiwaka chini yake, vikombe akivigonganisha ili mtaa ujue kwamba amefika. Harufu ya kahawa na tangawizi ilichanganyika na ya chokaa, na ya mafuta ya taa yanayomiminwa kwenye chemli kwa ajili ya usiku, na ya vibua vinavyokaangwa nyumba ya tatu. Kikombe kilikuwa senti 20, ile sarafu yenye mbuni. Kipande cha kashata ya karanga senti 10. Mwenye sumuni mkononi, ile yenye sungura, alikunywa vikombe viwili, akatafuna kashata yake, na akapata haki ya kuzungumza hadi adhana ya magharibi. Sisi watoto hatukuwa na sumuni, lakini ukuta tulikuwa nao.

Sarafu zile ndizo zilizotufunza mstari wa kwanza. Ulichukua karatasi nyeupe ya ndani ya pakiti ya sigara, Sportsman au Sweet Menthol, iliyookotwa chini ya meza ya drafti na bado inanuka tumbaku, ukailaza juu ya sumuni ya kuazima, ukasugua kwa penseli iliyolazwa ubavu. Sungura alijitokeza polepole, masikio kwanza, halafu mgongo. Kwenye senti 20 alitoka mbuni na shingo yake ndefu, na kwenye senti 5 samaki. Tulisugua hivyo mpaka mmoja wetu, mtoto wa fundi cherehani, akasema kwamba sungura huyu si wetu, ni wa Benki Kuu, na kwamba tungeweza kuchora watu wetu wenyewe kwa vipande vya mkaa ambavyo mpika kahawa alivikung'uta kila jioni kabla ya kuondoka. Hapo ndipo vijitu vilipoanza. Ulikuwa mwaka 1978, kabla ya vita vya Kagera.

Kijitu kilikuwa duara moja la kichwa, mstari mmoja wa uti wa mgongo, miwili ya mikono na miwili ya miguu, basi. Kila mtoto alikuwa na chake, na hicho ndicho kilichosimama ukutani badala yake. Nimeona kwenye simu yako, pale mahali pa picha, umejiweka kikatuni, na binamu zako wanakutambua kwa hicho kabla ya kusoma jina. Ndicho hasa tulichokuwa tukikitafuta, ila sharti letu lilikuwa gumu zaidi: jina haliandikwi popote. Mtu mzima akifika barazani alioneshwa ukuta na kuulizwa, "Huyu nani?" Akitaja mwenyewe, kijitu kinabaki. Akikosa, akakosa na wa pili, kinafutwa kwa kitambaa cha maji na mwenye nacho anaanza upya. Rufaa haikuwepo, na wala hakuna aliyeiomba, maana wote tuliamini kwamba watu hawa, waliotuona tangu tunatambaa, wakishindwa kututambua basi ni kweli kijitu hakijafika.

Mama mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo, mpole wa sauti na mkali wa masharti, alitupa ukuta kwa mambo matatu. Mkaa usivuke kizingiti cha dirisha. Kila Idd ikikaribia, ukuta wote tuupake chokaa sisi wenyewe, chokaa ananunua yeye. Na asichorwe mtu kwa kilema chake. Sharti hilo la tatu alilisema mara moja tu, akiwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, na halikuhitaji kurudiwa.

Mwanzoni vijitu vyetu vyote vilikuwa kimoja. Duara, mstari, mikono imenyooshwa pembeni, miguu imepanuliwa. Mpika kahawa, mzee wa Kingazija mwenye ndevu nyeupe zilizoingia manjano ya moshi, aliinama akavitazama kimoja kimoja, akaenda kumimina kahawa ya mtu, akarudi kutazama tena. "Wajukuu," akasema, "mbona hapa hakuna hata mmoja anayekwenda mahali?" Ndiyo ilikuwa desturi ya baraza lile, na ndiyo sababu hasa ya kukuhadithia haya yote. Hakuna aliyesema "kizuri" akanyamaza, na hakuna aliyesema "kibaya" akaenda zake. Kila mtu alionesha kitu kimoja, na alionesha kitu ambacho alikijua kwa mwili wake mwenyewe, kwa kazi yake ya kila siku. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuchora. Mimi baadaye nimefundishwa na watu wenye vyeti, na ninawaheshimu, lakini jicho nililonalo nililipata kwa wale wasiojua kuchora.

Aliyetujibia swali la mzee wa kahawa alikuwa hamali wa sokoni Kariakoo, lile soko alilolibuni Beda Amuli, lililokamilika mwaka 1975, ambalo wengine walilisifia paa lake na yeye alilijua kwa ngazi za kushukia shimoni. Alikuwa Muha wa Kigoma, mfupi, kifua kipana, shingo nene yenye sugu nyuma, na alibeba magunia ya maharage ya kilo mia moja tangu alfajiri. Alitua kikombe chini, akaingia katikati ya barabara, akabeba gunia lisilokuwepo. "Mzigo haukai kichwani, wadogo zangu," akasema huku akitembea. "Unakaa shingoni, unateremka kiunoni, unaishia kwenye vidole vya miguu. Mkimchora mtu amebeba na mgongo umenyooka, huyo kabeba pamba." Tuliangalia. Shingo yake ilitangulia mbele, uti ukapinda, magoti hayakunyooka hata mara moja, na nyayo zilishika ardhi zote kwa pamoja, mbali mbali. Jioni ile tulipinda mstari wa uti kwa mara ya kwanza, na ukuta ukabadilika mbele ya macho yetu. Kumbe ule mstari mmoja, ukiupinda tu, tayari umeshasema mtu anafanya nini. Mikono na miguu vinafuata.

Lakini mtu ukimpinda ovyo anaanguka, na hilo tulifundishwa na fundi mwashi. Siku moja alitoka kazini na ndoo yake, nywele zimejaa vumbi la saruji, akakuta vijitu vinakimbia kuelekea mlangoni. Akatoa timazi mfukoni, akaibana ncha ya uzi kwa kidole katikati ya kichwa cha kijitu cha kwanza, akaiacha risasi ining'inie. Ikiangukia katikati ya nyayo, akasema, huyu kasimama, mwache. Ikiangukia mbele kidogo, anatembea. Ikiangukia mbele sana na mguu mmoja unaiwahi, anakimbia. Ikiangukia nje na hakuna mguu unaoiwahi, "huyo mletee machela." Akavipima vyote, vijitu vya watoto, kwa uzito uleule ambao alipimia kuta za watu. Mpaka leo nikichora mtu ninaiona timazi ile inayumba, inapoa, inatulia.

Mgogoro mkubwa ulikuwa wa vichwa. Fundi cherehani, aliyekuwa na mashine yake ya mguu pale pembeni ya kibaraza, alisema kwamba vichwa vyetu ni vikubwa mno. Akamsimamisha mwanawe, akateremsha futi kamba kutoka utosini, akatuonesha: mtu mzima kichwa chake kinaingia mara saba na kitu katika urefu wake, kiwiko kinagusa usawa wa kiuno, na mkono ukishuka vidole vinaishia katikati ya paja. "Mkono wa huyu unafika gotini. Shati lake nitalishona wapi?" Tukachora upya kwa vipimo vyake. Ndipo mzee wa kahawa alipovuka barabara, akasimama upande wa pili karibu na genge la ndizi, akaita kwa sauti kwamba kutoka kule anaona miguu, haoni watu. "Kanzu nitashonewa na wewe," alimwambia fundi aliporudi, "lakini mtu namjua kwa uso." Walibishana hadi magharibi, na wacheza drafti wakaacha vizibo vyao juu ya ubao wakagawanyika pande mbili. Muafaka uliopatikana kesho yake ulikuwa kwamba kichwa kichukue theluthi ya urefu, kwa sababu kijitu kinatazamwa na mpita njia na si na fundi nguo, ila kiwiko na mkono vibaki pale alipovipanga fundi. Mimi niko upande wa mzee wa kahawa hadi leo. Kichwa kikubwa kinakupa nafasi ya nyusi, na nyusi ndizo zinazobeba kazi yote. Nukta mbili za macho hazisemi neno. Weka juu yake vijistari viwili vilivyoteremka kuelekea puani, mtu kakasirika. Vipandishe upande huohuo wa puani, kasikitika. Kimoja juu kimoja chini, haamini anachoambiwa. Mzee alitufundisha kwa uso wake mwenyewe, akisimama nyuma ya mteja anayelalamikia bei.

Kuhusu mavazi tulipata somo kutoka kwa kaka mmoja wa mtaa aliyefanya kazi kiwanda cha Urafiki, Ubungo, ambaye mshahara wake wote ulionekana miguuni na kichwani: bugaluu pana, viatu vya raizoni, na afro iliyochanwa kwa kitana cha chuma. Kijitu chake kilikuwa rahisi mno. Mistari miwili inayofunguka kuanzia gotini, wingu la nywele, kwisha. Kila aliyepita alimtaja, na sisi tukajiona tumefika. Fundi mwashi akatikisa kichwa. "Hiyo ni suruali. Ijumaa akivaa kanzu mtamjua?" Ijumaa tulimvizia akitoka msikitini, kanzu imemfunika yote, na tukagundua kwamba anaporusha mkono mmoja mwingine hautikisiki, umebanwa ubavuni, na kwamba kila baada ya hatua chache anainua kidevu, ni mtu anayetafuta kuonwa. Tukamchora bila bugaluu, bila nywele, mkono mmoja umetulia na kidevu juu. Mama yake mzazi alipita na kapu, akasimama, akacheka mpaka akaweka kapu chini.

Aliyetushinda wote alikuwa msichana wa nyumba ya pili. Hakuwa na muda wa kukaa, maana bomba la maji lilikuwa mbali na ndugu zake wadogo walikuwa wengi, kwa hiyo alichora akipita: alituliza ndoo ukingoni, akachovya kidole kwenye maji, akachora juu ya saruji ya kibaraza, na kabla mchoro haujakauka alikuwa ameshasema la kusema na kujitwisha tena. Sisi tulichora mwanamke na ndoo kwa kuweka ndoo juu ya duara. Yeye alituambia kwamba ndoo haioneshi kitu. Mkono ndio unaoonesha. Ndoo ikijaa, mkono mmoja unapanda kuishika mdomoni na mwingine unatoka kando kutafuta mizani, kiuno kinacheza na kichwa hakichezi kabisa. Ikiwa tupu inashuka nyongani au inaning'inizwa mkononi, na mtu anarudi kuwa mtoto, anarukaruka. Kijitu chake mwenyewe kilikuwa mistari michache kuliko ya mtu yeyote kati yetu, fundo la kanga kifuani na mkono uliopanda, na hakikufutwa hata siku moja. Wazee walimsikiliza alipowakosoa watoto wa kiume, jambo ambalo kwa zama zile halikuwa dogo. Alipomaliza darasa la saba aliolewa Rufiji, na ninaambiwa kwamba alisuka mikeka yenye mifumo iliyotafutwa na watu wa mbali. Ningependa siku moja kuiona.

Mwaka 1979 ulituletea Mufulira. Simba walikuwa wamefungwa mabao 4 kwa bila hapa hapa Dar es Salaam na Mufulira Wanderers wa Zambia, na kibaraza chetu, ambacho nusu yake ilikuwa ya Simba wa Msimbazi na nusu ya Yanga wa Jangwani, kilikaa siku nyingi na vicheko vya upande mmoja. Halafu zikaja habari kutoka Zambia kwamba Simba wamewafunga Mufulira 5 kwa bila kwao. Mtaa ulipasuka. Kesho yake ukuta mzima ulikuwa mpira: kijitu kinapiga, kipa anaruka, mpira wavuni, mara tano. Mzee mmoja mcheza drafti, aliyewahi kucheza kiungo ujanani na goti lake likamstaafisha, alivuta kigoda karibu, akavaa miwani. Alituambia kwamba mpigaji wetu angepiga chenga ya hewa, kwa sababu mguu wa kulia na mkono wa kulia vimekwenda mbele pamoja. Mguu wa kulia ukipiga, mkono wa kushoto ndio unaotangulia, la sivyo mwili unazunguka. Na kipa wetu, akasema, hajafungwa bado, kwa sababu anautazama mpira. "Kipa aliyefungwa anageuka kutazama nyavu." Tulimgeuza kichwa tu, bila kugusa mkono wala mguu, na watu wa Msimbazi wakapiga kelele upya. Katika pembe ya ukuta ule ule alikuwepo nduli Amin, tumbo kubwa na medali, maana vita vilikuwa vinaendelea na kaka zetu wawili wa mtaa walikuwa Kagera. Wazee hawakumkosoa Amin. Walimtazama, wakapita.

Baada ya vita zikaja taabu ambazo umezisikia kwa bibi yako. Sukari ilitafutwa, sabuni ilitafutwa, unga uliokuja ulikuwa wa mahindi ya njano tukauita unga wa yanga, na watu walipanga mstari kwanza, wakauliza baadaye kinachouzwa. Daftari la shule likawa kitu cha kufungiwa kabatini. Kwa hiyo tulichorea mifuko ya saruji ya Wazo, ambayo fundi mwashi aliikung'uta na kutupasulia tabaka kwa tabaka. Karatasi yake ya kahawia ilipokea mkaa vizuri kuliko karatasi yoyote niliyoinunua tangu hapo, na vumbi lake lilitukausha vidole hadi vikapasuka. Gazeti moja la Uhuru lilisomwa na kibaraza kizima, na mikono ya kwanza ilifungua penye katuni ya Chakubanga ya Christian Gregory kabla ya hotuba ya Mwalimu. Halafu likaja jarida la Sani la akina Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na ndani yake michoro ya Philip Ndunguru ya Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ambayo tuliikodisha kwa zamu mpaka kurasa zikawa laini. Baraza liliikagua kwa jicho lile lile lililotukagua sisi. Hamali alitazama migongo, fundi cherehani viwiko, mzee wa kahawa nyusi. Nakumbuka fundi mwashi ameshika timazi juu ya ukurasa, uso wake umekaza, halafu akaikunja na kuirudisha mfukoni. "Huyu kijana kasimamisha watu," akasema, na sisi tulijua kwamba kwake hakuna sifa inayozidi hiyo. Ndunguru alifariki katikati ya miaka ya 80, kijana bado, na mtaani kwetu alililiwa na watu ambao hawakupata kumwona.

Niliwahi kupelekwa na mjomba hadi Oysterbay, Morogoro Stores, walikokuwa wakifanya kazi wanafunzi na jamaa wa Edward Saidi Tingatinga, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki tangu mwaka 1972. Walikaa chini bega kwa bega, kila mmoja na kipande chake cha ubao na makopo ya rangi ya baiskeli yenye harufu kali ya kuumiza kichwa, na kila baada ya muda shingo ilinyooka kwenda kwa jirani na neno likatoka: huyu chui anakwenda wapi, mkia wake umechoka. Nilirudi Magomeni nimefurahi. Nilikuwa nimekuta baraza letu, ila lina rangi.

Mwaka 1983 ikaja nguvukazi, na kukaa kibarazani mchana kukawa jambo la kujieleza. Asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kupakiwa kwenye lori na kurudishwa shamba. Wacheza drafti walipungua, kaka wa Urafiki alihama, mzee wa kahawa aliugua akarudishwa kwa watoto wake Unguja. Nyumba yenyewe iliuzwa baadaye, na pale sasa pana ghorofa lenye maduka ya simu chini.

Ila barua ya hamali bado sijakwambia, na hiyo ni ya kabla ya hapo. Hakujua kuandika. Kisomo cha watu wazima alikianza akakiacha, kwa sababu jioni mikono yake ilitetemeka mno kushika kalamu. Barua zake za kwenda Kigoma aliandikiwa na fundi cherehani, na mama yake kule alisomewa na mwalimu wa kijiji, na lalamiko la mama lilikuwa moja: barua hizi anajuaje kwamba ni za mwanawe, wakati mkono si wake na sauti si yake? Basi hamali akaomba kwamba mwisho wa barua, mahali pa sahihi, achorwe kijitu chake. Kazi hiyo alipewa msichana wa ndoo, na kwa mara ya kwanza alikaa chini kama mtu mwenye nafasi. Akamtazama akitembea kwenda na kurudi mbele ya kibaraza, kisha akachora kwa kalamu ya wino ya fundi, kidogo tu, ukubwa wa kidole gumba: shingo mbele, uti umepinda, gunia begani, nyayo mbali mbali. Baraza zima lilikipitisha. Stempu ikalambwa, barua ikaenda kwa gari moshi la Kigoma.

Jibu lilichukua majuma mengi. Fundi alilisoma kwa sauti, salamu ndefu, mvua, mihogo, nani kaoa, na mwisho mama akauliza kwa nini mguu wa kushoto hakuukanyagia sawasawa, na kama ameumia mbona hakusema. Kibaraza kikanyamaza. Tulikimbilia kijitu kilichobaki kwenye mfuko wa saruji, kile cha mazoezi, na kweli wayo wa kushoto ulikuwa umegusa ardhi kwa ncha tu. Msichana alisema kwamba alikichora alivyokiona, hakujua kwamba kuna kitu. Hamali akaketi, akavua kiatu cha mpira wa tairi, akatuonesha kifundo kilichovimba na kuwa cheusi. Gunia lilikuwa limemwangukia kwenye ngazi za shimoni, na alikuwa akificha kwa kuogopa kupoteza kazi. Mama mwenye nyumba alitoka ndani na maji ya moto, chumvi na majani ya mbono, akapiga magoti akaukanda mguu ule mbele ya watu wote, huku akimsema.

Barua ya pili iliandikwa jioni hiyo hiyo, na ubishi ukawa achorwe vipi. Hamali alitaka achorwe na miguu miwili imekanyaga vizuri, ili mama alale usingizi. Fundi mwashi alisema kwamba timazi haitakubali. Mmoja wetu akakumbusha lile sharti la tatu, kwamba mtu asichorwe kwa kilema chake, na macho yote yakamgeukia mama mwenye nyumba, aliyekuwa bado anafuta mikono kwa kanga. "Hicho si kilema," akasema, "hilo ni jeraha, na mama yake kauliza. Mchoreni anakandwa." Ndivyo ilivyochorwa: kijitu kimekaa kibarazani, mguu mmoja umenyooshwa, na kingine kimeinama mbele yake na fundo la kanga kifuani.

Mama wa Kigoma alijibu tena kabla ya mavuno. Safari hii hakuuliza habari za mguu. Alituma salamu zake kwa mwanamke aliyeinama, na kwa yule aliyemchora.